Usimvue mtoto viatu ili picha yako iseme

Vijana wenzetu wa Nakivale, pamoja na nyie mnaotusoma mkiwa Kyangwali, Kyaka, Nyarugusu, Kakuma na popote mlipo: Andiko la leo ni refu kidogo. Kama mega zako ni chache, lihifadhi kwanza, usome jioni. Lakini usome mpaka mwisho, kwa sababu humu ndani tumejisema na sisi wenyewe.

Jumamosi iliyopita tulikaa nyuma ya kanisa kuchagua picha za maonyesho ya Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani. Mada tuliyopewa mwaka huu ni vitu viwili vinavyopingana ndani ya picha moja. Waliotufundisha picha wanaita kontrasti. Sisi tumezoea kusema kukutanisha: unachukua hiki, unakiweka karibu na kile, na mtu anayetazama anasikia neno ambalo wewe hukulisema. Zawadi ya kwanza ni kamera. Kamera kabisa, si simu. Basi mnaelewa jinsi watu walivyokuja na moto.

Zilifika picha thelathini na kitu. Moja ilitunyamazisha wote. Msichana mdogo amesimama peku kwenye tope. Nyuma yake gari jeupe la shirika, limeoshwa, linang'aa mpaka mawingu yanaonekana kwenye mlango. Tairi inamfikia mtoto kiunoni. Mwanga wa asubuhi unapiga vidole vya miguu. Tulipiga makofi, na mmoja wetu akasema, "Hiyo ndiyo namba moja, tufunge kazi."

Halafu dada mmoja wa kikundi akauliza swali dogo tu: "Huyu si mdogo wako? Kwani hana viatu?"

Kijana mwenye picha akacheka kidogo, akaangalia chini. Viatu anavyo. Alimwambia avivue, akavificha nyuma ya tairi.

Wengine walianza kumfokea. Lakini sisi tulio wakubwa kidogo katika kikundi tulinyamaza, kwa sababu tulijua somo lile alilitoa wapi. Miaka mitatu iliyopita alikuja mgeni na kamera kubwa. Tulimbebea begi, tulimtafsiria, tulifurahi kuwa naye. Tulipofika kwa familia moja alimkuta mtoto wa kiume amevaa viatu vya Jumapili, kwa sababu mama alisikia mgeni anakuja akamvalisha. Mgeni alisema neno fupi, nasi tukalitafsiri: "Anasema avue viatu." Hakuna aliyemshurutisha kwa fimbo. Ni midomo yetu iliyosema. Na huyu kijana wa leo alikuwa pale, mdogo, anatuangalia jinsi kazi inavyofanywa.

Ile picha ya mgeni ilirudi kambini. Ilirudi ikiwa kwenye kalenda, kwenye ukuta wa ofisi moja, mwezi wa nane. Mama yake yule mtoto alikwenda pale kwa shida zake nyingine, akainua macho, akamwona mwanae peku mbele ya turubai lililochanika, ambalo hata si la nyumba yao. Alituuliza swali moja ambalo hatujalijibu mpaka leo: "Sasa watu huko wataniona mimi ni mama wa namna gani?" Viatu vile alivinunua kwa pesa ya kulima mashamba ya watu.

Ndiyo maana tunaandika. Tunasema hivi: kukutanisha vitu viwili kwenye picha ni kusema sentensi, na kila anayesema sentensi awajibike nayo kama ameitamka kwa mdomo. Asiseme, "Mimi nilipiga tu nilichokiona."

Tueleze maana yake. Ukipiga picha ya ng'ombe, umesema ng'ombe. Ukipiga picha ya ng'ombe wa Ankole mwenye zile pembe ndefu, amesimama mlangoni mwa darasa, umeshasema jambo. Labda shule haina uzio. Labda watoto wako likizo. Labda mwenye ng'ombe anaogopwa kuliko mwalimu mkuu. Hujaandika neno hata moja, lakini kichwa cha mtazamaji kimeanza kutunga. Hiyo ndiyo nguvu ya kukutanisha: wewe unatoa vitu viwili, yeye anaweka kitenzi katikati. Na kitenzi atakachoweka kinatoka kwenye yale anayoyaamini tayari. Kama anaamini mkimbizi ni mtu wa kuhurumiwa tu, ukimpa mtoto peku na gari jeupe ataweka kitenzi "kuokoa": gari limekuja kuokoa. Wewe ulitaka kusema gari linapita kila siku wala halisimami. Yeye amesoma kinyume.

Wahenga wanasema macho hayana pazia. Ni kweli, lakini kamera inalo. Pazia la kwanza ni pembe nne za picha. Kila kitu nje ya pembe zile kimekufa kwa mtazamaji: viatu nyuma ya tairi, mama anayesubiri pembeni na sweta mkononi, duka la jirani, redio inayoimba. Pazia la pili ni mahali unaposimama. Ukimsogelea mtu karibu sana na simu, lenzi pana inakuza kilicho mbele na kukisukuma mbali kilicho nyuma. Mkono unaoomba unakuwa kama sahani, nyumba inakuwa kama kiberiti. Ukirudi mbali ukavuta kwa lenzi ndefu, vitu vinabanana. Lori lililo mita mia mbili linaonekana limeshafika mgongoni mwa mama anayevuka barabara. Hujaongeza kitu wala kupunguza, lakini umekutanisha vitu ambavyo havikukutana.

Pazia la tatu ni mwanga. Wote tumeona: saa saba mchana, mtu amekaa mlangoni, ndani giza, nje jua kali. Mara nyingi simu haiwezi kushika vyote viwili. Ukigusa kwa kidole sehemu ya nje, mtu anageuka kivuli cheusi kisicho na macho. Ukigusa uso wake, nje kunaungua kunakuwa kweupe na uso unarudi. Yaani kwa kidole kimoja umeamua nani awe na uso. Sasa hesabu picha za wakimbizi ambazo watu wamekuwa vivuli mbele ya machweo mekundu. Machweo yana rangi zote, sisi hatuna hata pua.

Kuna watakaosema, "Basi mnataka tuache kontrasti, tupige picha za pasipoti." Hapana jamani. Sisi tunaipenda, na tunajua imefanya kazi kubwa duniani. Tutoe mifano, ili msifikiri tunabwabwaja.

Mwanzoni mwa mwaka 1937 mto Ohio ulifurika kule Marekani, na mji wa Louisville ukaingia maji. Mpiga picha Margaret Bourke-White alikwenda kwa ajili ya gazeti la Life. Akakuta foleni ya watu weusi wameshika vikapu, mifuko na ndoo, wanasubiri msaada. Juu ya vichwa vyao kulikuwa na bango kubwa la matangazo: familia ya wazungu ndani ya gari, wanacheka, na mbwa wao, na maneno ya kujisifu kwamba Marekani ina kiwango cha juu kabisa cha maisha duniani. Akarudi nyuma kiasi cha kuingiza vyote viwili, akapiga. Hakuleta bango. Hakupanga foleni. Bango lilikuwa pale hata kama yeye asingekuja. Tena angalieni nani anashtakiwa katika picha ile. Watu wa foleni wamesimama na makoti yao na kofia zao kama watu wazima. Anayeumbuka ni bango.

Lakini hata picha ile ina somo la pili. Wengi mpaka leo wanaidhani ni foleni ya watu wasio na kazi wa ile miaka uchumi ulipoanguka. Si hivyo. Ni watu waliofukuzwa na maji, watu kama sisi kwa namna yao. Maelezo yalipoachana na picha, picha ikaanza kusema kingine. Kwa hiyo kontrasti ya kweli nayo inahitaji maneno mawili matatu chini yake: ni wapi, ni lini, wanafanya nini.

Mwaka 1950, Elliott Erwitt alipiga picha North Carolina, enzi za ubaguzi. Ukutani kuna sehemu mbili za kunywa maji. Moja ni mashine kubwa nzuri, imeandikwa ya wazungu. Nyingine ni karai dogo, imeandikwa ya watu weusi, na mwanaume mmoja ameinama pale. Picha ni hiyo tu. Tofauti ya macho, kubwa na dogo, imelala juu ya tofauti ya maana, mwenye haki na aliyenyimwa. Hizo mbili zikilingana, picha haihitaji kumvua mtu kitu chochote. Nasi hapa tuko na mabomba, mageti, mizani na vibao vya kutosha. Kijana mwenye macho hakosi kazi.

Mwingine atasema, "Mnachokataa ni kupanga. Mbona hata wakubwa walipanga?" Kweli, walipanga. Mwaka 1942, Gordon Parks, kijana mweusi aliyekuwa mgeni Washington, alimsimamisha Ella Watson, mama aliyefanya usafi kwenye jengo la serikali, mbele ya bendera kubwa ya Marekani, ufagio mkononi na dekio kando yake. Imepangwa kabisa, hakuna anayebisha. Tofauti yake na viatu vyetu iko wapi? Kwanza, alikaa naye, akamsikiliza maisha yake kabla ya kupiga. Pili, ufagio ulikuwa wa kweli: ndiyo kazi iliyomlisha yeye na watoto aliokuwa anawalea. Hakuambiwa avue kitu ili afanane na shida. Tatu, Parks hakuishia pale. Aliendelea kumpiga picha nyumbani, mtaani na kanisani. Jina la mama yule tunalijua mpaka leo. Wale wa kalenda zetu wana majina gani?

Na msifikiri mambo haya ni ya Wamarekani tu. Sammy Baloji ni mtoto wa Lubumbashi, amezaliwa 1978 kwenye mji ambako Kiswahili chetu kinaongewa. Alichukua picha za zamani za wakati wa ukoloni, nyeusi na nyeupe, za wafanyakazi wa migodi ya Katanga, akazikata, akawasimamisha watu wale ndani ya picha za rangi za viwanda vya Gécamines vilivyobaki magofu. Wafanyakazi waliokufa zamani wamesimama mbele ya mashine zilizokufa juzi. Ni kukutanisha kwa makasi, wala hafichi makasi. Kila mtu anaona hapa pamebandikwa. Kwa hiyo hakuna aliyedanganywa, na swali linabaki kwako wewe unayetazama: jasho lote lile lilikwenda wapi?

Seydou Keïta naye alifungua studio Bamako mwaka 1948. Nyuma ya wateja alitundika kitambaa chenye maua, hata shuka la kitanda chake, na wao wakaja na vitenge vyenye mistari na madoa. Maua juu ya mistari, mistari juu ya madoa, na katikati uso umetulia kama mfalme. Ile nayo ni kontrasti! Walipigwa na saa, redio, kalamu, chochote walichotaka kionekane. Mtu alichagua mwenyewe akutanishwe na nini. Hilo ndilo neno tunalolitafuta hapa kambini.

Sasa tuguse jambo zito. Machi 1993, huko Ayod, kusini mwa Sudan, Kevin Carter alipiga picha ya mtoto ameinama chini kwa njaa, na nyuma yake tumbusi ametua anamwangalia. Ilitoka kwenye gazeti la New York Times, na mwaka 1994 ikapata tuzo ya Pulitzer. Miezi michache baadaye mpiga picha alijiua. Hatuko hapa kumhukumu marehemu. Njaa ile ilikuwa ya kweli, na picha ile iliamsha watu. Tunasema tu habari ya pazia. Nje ya pembe zile nne, karibu pale, kulikuwa na kituo cha kugawa chakula na watu wazima wanaopokea msaada. Ndani ya pembe kuna viumbe viwili tu duniani, mtoto na ndege wa mizoga. Picha ilisema mtoto huyu hana mtu. Miaka mingi baadaye waandishi wa Uhispania walifuatilia, wakakuta mtoto alikuwa na baba, na kwamba alinusurika njaa ile. Alikuwa na watu. Baba wa mtoto awepo, halafu dunia nzima iamini mwanae ni yatima wa tumbusi. Kama wewe ni mzazi, jiweke hapo.

Kuna hoja moja tunaiheshimu, na tusiiruke. Mzee mmoja wa block yetu alituambia: "Nyie watoto mnacheza. Picha za huruma ndizo zinaleta unga. Mkionyesha mtu amevaa vizuri, watasema hawa wameshiba." Tulilala na neno lile, kwa sababu njaa si nadharia kwetu. Mgao umepunguzwa, kila nyumba inajua.

Jibu letu ni hili. Hatusemi tufiche njaa. Tunasema tuonyeshe njaa mahali ilipo. Dada mmoja wa kikundi alileta picha ambayo mwanzoni hatukuiangalia mara mbili. Ametandika mkeka, juu yake mafungu mawili ya maharage. Fungu la kushoto ni lile familia yao ya watu watano ilikuwa inapata zamani kwa mwezi. La kulia ni la sasa. Mama yake amekaa nyuma ya mafungu, amevaa kitenge chake kizuri, anaangalia kamera. Hakuna chozi, hakuna mguu peku. Ukiangalia fungu hili na lile, unaelewa kwamba mahali fulani kuna mtu alikaa kwenye meza akaamua. Picha ya mtoto peku inasema umaskini ni kama mvua, umetokea tu, tuhurumie. Picha ya mafungu mawili inasema hili lilipangwa, na lililopangwa linaweza kupangwa upya. Ya kwanza inaomba sadaka. Ya pili inauliza swali, na anayeulizwa anajijua.

Halafu mzee wetu tunamwuliza kwa heshima: zile picha za huruma zimepigwa miaka mingapi sasa? Mbona mgao ulipunguzwa hata hivyo?

Wengine walimtetea kijana wetu kwa njia nyingine, tena ya akili: "Picha yake inashtaki gari. Si ndiyo mnachotaka, kuwashtaki wenye nguvu?" Ndiyo, lakini angalia hatari yake. Siku mwenye gari akigundua viatu nyuma ya tairi, atakuwa na haki ya kusema kila tunacholeta ni maigizo. Ile foleni ya kweli, lile bomba kavu la kweli, yule mama aliyejifungulia njiani kweli, vyote vitaitwa maigizo. Ushahidi mmoja wa uongo unazika mia za kweli. Sisi ni watu ambao habari zetu zinapimwa kila siku kwenye mahojiano. Ukikosea tarehe moja, faili linarudi chini. Sisi tutachezea ukweli kwa ajili ya kamera?

Tena kuna kontrasti nyingine mbaya inayokuja na tabasamu, na hii wengi hawaioni. Ni ile ya kutusifu. Mkimbizi na kompyuta. Msichana wa kambini na darubini. Mzee amevaa tai mbele ya nyumba ya udongo. Mgeni anapiga huku anasema, "Inashangaza!" Inamshangaza nani? Kontrasti haiwezi kushangaza mpaka mtazamaji awe ameamini kwamba vitu hivyo havikai pamoja. Yule mzee wa tai alifundisha hesabu Uvira miaka mingi. Tai ilikuwa shingoni mwake kabla ya vita, na itakuwepo baada ya vita. Kilichohama ni nyumba. Kama unataka kukutanisha, mkutanishe na ubao wake wa triplai aliopaka rangi nyeusi, na watoto hamsini wanaojua kugawanya sehemu kwa sababu yake. Pale tai na ubao vinasema kitu kimoja. Mshangao tuuweke kwa yule anayepaswa kuona aibu: mwalimu yupo, wanafunzi wapo, darasa ndilo halipo.

Basi tulikubaliana, na kuanzia Jumamosi ijayo kila picha itapita kwenye maswali matatu.

La kwanza: vitu hivi viwili vingekutana hata kama mimi nisingekuja? Kama jibu ni ndiyo, tembea, panda juu, piga magoti, subiri mpaka vikae sawa. Kusubiri si kudanganya. Mara nyingi hatua mbili kushoto zinatosha kuleta kibao na foleni mahali pamoja. Kama jibu ni hapana na umepanga, basi aliyepigwa awe amepanga pamoja na wewe, na maelezo yaseme imepangwa.

La pili: nje ya pembe nne kuna nini ambacho kikiingia kitageuza maana? Kama kipo, rudi nyuma kiingie, au ukiandike chini. Ukiona unakificha kwa makusudi, jua tayari unadanganya.

La tatu: mwenye uso akiiona ukutani, mbele ya mama yake, atasema "ni mimi"? Usibuni jibu. Mwonyeshe kwenye simu, palepale, kabla hujaondoka. Akisema futa, unafuta mbele ya macho yake. Na kama ni mtoto, mwulize na mzazi.

Sasa mtataka kujua ile picha ya viatu iliishia wapi. Tuwe wakweli: hatujamaliza. Tulipiga kura kwamba haitaenda kwenye maonyesho, na kura zilikaribiana sana. Kijana alikasirika, akatuambia neno lililotuchoma: "Mzungu alipofanya hivyo mlimbebea begi. Mimi nikifanya mnaniitia kikao." Hatukuwa na jibu. Ana haki kabisa. Ndiyo maana hatukumfukuza na hatutamfukuza, na ndiyo maana hatutaji jina lake hapa. Ana jicho kuliko sisi wote. Ule mwanga wa asubuhi kwenye mlango wa gari, hakuna mwingine kati yetu angeuona.

Tunajua pia kwamba picha ile ingeweza kushinda. Waamuzi wamezoea picha za namna ile, na inawezekana kamera ikaenda kwa kikundi kingine ambacho hakijiulizi maswali haya. Tutaumia. Lakini yule mama wa kalenda bado anapita kwenye njia yetu kwenda kuchota maji, na kila akipita tunamsalimia kwanza, halafu tunaangalia chini. Hatutaki kuongeza mama wa pili.

Na kwa wageni wenye kamera mtakaokuja Juni: karibuni, tutawatafsiria kama kawaida. Ila kuna sentensi moja ambayo sisi watafsiri hatutaitafsiri tena. Ukitaka mtoto avue viatu, jifunze Kiswahili umwambie mwenyewe, mama yake akiwa amesimama pale.

Jumamosi saa tisa, nyuma ya kanisa. Njooni na simu zenye chaji. Aliyepinga kura aje pia, yeye ndiye tunamhitaji zaidi. Na wewe uliye kambi nyingine, tuambie: kwenu picha zenu ziko kwenye kuta za nani, na zinasema nini?